Chini ya Kiti cha Mzee Asukulu

"Huyu ni mufalme," Alphonse alisema, akiweka kadi ya picha juu ya mkeka. "Mufalme wa shaba, juu ya farasi ya shaba. Ukisimama pale, unajiona kama sisimizi."

Ndugu waliinama kutazama. Anastasie, mjane wa kaka yake, alibaki wima karibu na ua, udongo wa kufinyanga umemkaukia mikononi hadi kwenye viwiko. Alikuwa ameitwa, lakini hakukaribishwa kukaa, na aliyeitwa namna hiyo anajua ameitiwa nini.

Alphonse alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja wa serikali. Bwana wake alipokwenda Léopoldville alimchukua, na baada ya miezi minne akarudi Baraka, kando ya ziwa, na kofia, viatu vyeusi na picha hizi. Aliwaonyesha kanisa la matofali, nyumba ya ghorofa kumi, sanamu ya Mzungu aliyesimama kilimani akiutazama mto. Kisha akaziacha picha, akajifuta uso kwa kitambaa.

"Kuko nyumba ingine, banaiita mize. Bazungu banaweka mule vitu vya bankambo betu: ngoma, vinyago, mikuki. Na mule ndani..." Akakikunja kitambaa. "Niliona kiti ya baba."

Shangazi Suzanne, dada wa marehemu mzee Asukulu, alijishika kifua. Kiti kile cha miguu mitatu kilipotea miaka sita nyuma, siku za matanga ya mzee mwenyewe. Anastasie ndiye aliyekuwa akilala nyumba ile, akimuuguza baba mkwe. Hakuna aliyemwita mwizi. Walimwachia tu neno hilo njiani, alikanyage kila siku: mazungumzo yalikatika alipopita, na mabinti wa ukoo walikatazwa kujifunza ufinyanzi kwake.

"Kuko muntu aliiuzisha," Alphonse alisema bila kumtazama. "Kiti iko na miguu, lakini haitembeake."

"Unajua namna gani ni ile yetu?" Shangazi aliuliza. "Viti viko mingi."

"Chini yake kuko ufa, Shangazi. Baliziba na ulimbo mweusi. Niliitambua palepale."

Anastasie aliinua kichwa. Ulimbo ule aliuchemsha yeye, akauchanganya na masizi, kama anavyoziba mitungi iliyopasuka motoni. Alikiangusha kiti siku tatu kabla ya mzee kufa, akikihamishia juani. Na kiti kile mwanamke hakuruhusiwa hata kukigusa. Mzee aliuona ufa, akacheka kwa kifua chake kibovu. "Ziba, mutoto wangu," alimwambia. "Na usiseme." Hakusema. Aliziba kwa chini, uso wa juu ukabaki mzima, na hakuna mwingine aliyejua.

Ila aliyekipindua.

Angeweza kunyamaza. Akinena, atakiri mbele ya ukoo kwamba alikishika na kukivunja. Wangeweza kumfukuza, na shamba la mihogo aliloachiwa na mumewe lingerudi kwao. Alikwangua udongo kiganjani kwa ukucha, polepole.

"Shemeji," akasema, "mule ndani ya mize, ulikamata ile kiti?"

Alphonse akacheka. "Kukamata? Iko ndani ya kioo. Kuko sentineli. Ukigusa tu kioo, anakufukuza."

"Ilikuwa imelala, ao imesimama?"

"Kiti inasimamaka, Anastasie."

"Juu, ao chini?"

"Chini, hapa." Akagusa goti lake. "Unauliza sana."

Anastasie aliingia jikoni kwa Shangazi, akatoka na kigoda cha kupikia, akakiweka mbele ya viatu vile vyeusi.

"Niambie chini yake kuko nini."

Alphonse alikitazama kigoda. Aliinama kidogo, kisha zaidi, mpaka kofia ikamdondoka. Akajinyoosha upesi.

"Sentineli alinigeuzia."

"Yule anayefukuza bantu?" Shangazi aliuliza.

"Na huyu?" Alphonse alimwonyesha Anastasie kwa kidole. "Huyu anajua nini juu ya ile kiti?"

"Najua kwa sababu ni mimi niliivunja," Anastasie alisema. "Niliiangusha, nikaiziba, baba mukwe aliona. Kisha siku tatu akakufa. Mwenye aliona ule ulimbo, aliipindua na mikono yake, mbele ya kuiuzisha."

Mtu alitema mate. "Mwanamuke alishika kiti!" Wengine walimtazama yeye, wengine Alphonse, na wengine walitazama chini. Alphonse aliokota picha zake, mfalme, kanisa, ghorofa kumi, akapita kati yao bila kuaga. Hakuna aliyemzuia. Wala hakuna aliyemwambia Anastasie akae.

Kesho yake asubuhi alikuwa kijitoni akichimba udongo aliposikia nyayo. Shangazi Suzanne alikuja peke yake, akasimama penye udongo uliochimbwa.

"Ile mize," alisema, "muntu kama mimi anaweza kuingia?"

"Sijui, Shangazi."

"Na nikiingia, nitamwambia yule sentineli nini?"

Anastasie alichimba tonge jingine la udongo. Ziwani meli ilipiga honi, ikaanza kuizunguka rasi ya Ubwari. Shangazi aliifuata kwa macho, kiganja juu ya paji la uso, mguu wake mmoja umezama katika udongo mbichi, asiutoe.