Filimbi Hairudi Shingoni

Klabu yetu haimfukuzi kocha kwa barua. Zamani walijaribu. Kocha akadai barua hajaiona, akaendelea kuja mazoezini, tukawa na makocha wawili wanagombea uwanja mmoja kama wake wenza. Tangu hapo ukawekwa utaratibu: aliyemleta kocha ndiye anayempokea filimbi, mbele ya wachezaji. Filimbi ikishatoka kwa kocha ikaingia kwa huyo mtu, kazi imekwisha. Isipopokelewa, kamati ikae vikao mpaka ioze, hakuna kilichofanyika. Na kocha haambiwi habari hizi. Ni mwiko, maana akizijua ataificha filimbi chini ya godoro.

Mimi ni katibu wa klabu, na kocha huyu nilimleta mimi. Ni mume wa dada yangu.

Dada amehama na mume wake mpaka amechoka kufungua masanduku. Kila klabu ikimchoka mume, watoto wanatolewa shule katikati ya muhula. Nilipompatia shemeji kazi hapa, mji tuliozaliwa, dada alipaka rangi kuta za nyumba ya klabu kwa mikono yake, akashona mapazia ya manjano, akasema safari hii hatoki mtu. Tulipoanza kufungwa mfululizo, akaniita jikoni. Yeye amekulia hapa, utaratibu anaujua, na mwiko ameutunza hata kwa mumewe.

"Mdogo wangu, wataamua wanavyotaka, siwezi kuwazuia," akasema. "Ila wewe niahidi kitu kimoja. Filimbi ya mume wangu usiipokee wewe."

"Nitawaambia watafute mwingine."

"Niahidi."

Nikaahidi.

Sasa niseme jambo ambalo dada hapendi kulisikia: shemeji alistahili kufukuzwa. Kila mechi alimpanga Nahodha, ambaye goti lake lilishakwisha, eti kwa sababu ni mtu mwaminifu. Uaminifu haukimbizi mpira. Ukimshauri anakupiga begani, anacheka: "Shemeji, mpira ni subira." Subira gani, na sisi tuko mkiani? Nilimpenda na alinikera, na hata leo sijui kipi kilizidi.

Kamati ikakaa Alhamisi kwenye ofisi iliyo chini ya jukwaa. Swali lilikuwa moja tu: kocha anayeshindwa afukuzwe lini?

"Mapema, timu ikiwa bado inapumua," akasema Mhazini. "Mgonjwa hapelekwi hospitali akishakata roho."

"Mapema hiyo hiyo ndiyo iliyotuponza," akajibu mwalimu mstaafu, mjumbe mkongwe kuliko wote. "Mmesahau? Tulifukuza huyu, tukafukuza yule, wa tatu akatushusha daraja."

Mwenyekiti ni mfanyabiashara wa mbao, na maneno huyakata kama anavyokata mbao. "La kuvunda halina ubani," akasema. "Jumamosi acheze mechi yake ya mwisho, ashinde asishinde. Kocha mpya nimeshaongea naye, atakuwepo jukwaani. Katibu, wewe utapokea filimbi."

"Mimi hapana. Ni shemeji yangu yule."

"Na ulipomleta alikuwa nani yako?"

Wakacheka wote, hata mwalimu. Nikanyamaza, na kwenye kamati yetu kunyamaza ni kukubali. Moyoni nikajiambia kwamba Jumamosi sitatia mguu chumba cha wachezaji. Nitaumwa tumbo, nitafiwa, lolote.

Jumamosi tukashinda. Nahodha mwenyewe ndiye aliyefunga, tena kwa kichwa, maana miguu ilishamkatalia. Shemeji alikimbia pembeni mwa uwanja akipunga koti lake. Mashabiki waliokuja na mabango ya kumtaka aondoke wakayakalia, wakaanza kuimba jina lake. Kocha mpya alikuwa jukwaani na miwani yake ya jua, amekunja mikono, hapigi hata kofi.

Nilimkimbilia Mwenyekiti kwenye ngazi. "Umeona mwenyewe. Mpeni hata mwezi mmoja."

Akawatazama mashabiki. Mwenyekiti haogopi mtu, lakini watu anawaogopa. "Filimbi umeshapokea?"

"Bado."

"Basi iache. Tukimfukuza leo watatupiga mawe. Tutakaa tena. Nenda kampongeze shemeji yako."

Nilishuka ngazi mbiombio, moyo mweupe. Chumba kile nilichoapa sitakiingia nikakiingia kwa miguu yangu, nacheka. Shemeji akanikumbatia mpaka nikasikia mbavu.

"Tulieni, jamani!" akawaambia wachezaji. "Huyu ndiye aliyenileta hapa. Wengine walipotaka niondoke, huyu alinisimamia."

Sikumsimamia. Nilinyamaza.

"Sina zawadi, shemeji. Nina hii tu." Akaivua filimbi, na kabla sijainua mkono akanivika shingoni.

Bafuni maji yalikuwa yanamwagika na hakuna aliyekwenda kuyafunga. Nahodha, amefunga barafu gotini, akainamisha kichwa.

Shemeji akacheka peke yake. "Mbona kimya? Si tumeshinda?"

"Ichukue, shemeji." Nilishika kamba niivue. "Ichukue, nakuomba."

Akanishika mikono yote miwili. "Aa, zawadi hairudishwi."

Nilipogeuka, Mwenyekiti alikuwa mlangoni. Amekuja kupongeza. Nikaona uso wake ukilegea, kama mtu aliyetuliwa gunia. Sasa hakuna wa kumpiga mawe.

"Kocha ametoa mwenyewe," akasema taratibu. "Wote mmeona."

"Mwenyekiti, tumekubaliana tutakaa tena!"

"Tumekubaliana kama haijapokelewa. Filimbi hairudi shingoni, Katibu, wewe unajua." Akampa shemeji mkono. "Ahsante kwa kazi yako."

"Ahsante na wewe, Mwenyekiti! Hii ndiyo kwanza tunaanza!"

Nahodha akajikokota hadi kwake. "Kocha," akasema, "hebu kaa kwanza."

Sikungoja kusikia anavyomweleza. Niseme niliondoka ili nimwahi dada kabla ya majirani, lakini pia nilikimbia ile sura.

Dada alikuwa jikoni, redio juu kabisa, watoto wanaruka sebuleni wakiimba goli la Nahodha. Vitunguu vilikuwa vinaungua naye hana habari, anacheka na mwiko mkononi.

"Tumeshinda! Baba watoto yuko wapi?"

Kisha macho yake yakashuka shingoni kwangu. Nilikuwa nimesahau kuivua.

"Dada, aliivua mwenyewe. Hakujua. Wallahi sikunyoosha mkono."

"Hakujua," akarudia. "Atajuaje, na mimi sikumwambia?"

Akazima jiko. Akaenda sebuleni, akawapita watoto bila kuwanyamazisha, akavuta kiti mpaka dirishani, akapanda juu yake, akaanza kushusha mapazia. Kiti kilikuwa kibovu, mguu mmoja mfupi. Nikakishika kisiyumbe. Alinipa pazia la kwanza bila kunitazama, nikalipokea.