Husuda Nyuma ya Ukuta wa Mbao

Kwa miaka kumi na tisa darasa la mtihani lilikuwa lake peke yake. Wanafunzi walimwita Mwalimu Mistari, kwa kuwa kila alipofika kwenye nyakati za Kiingereza alichora mstari mrefu ubaoni, akautia vituo na mishale, kisha akageuka na kuuliza, "Mmeelewa?" Nao waliitika kwa pamoja kwamba wameelewa, wakainama wakaandika, "I have come yesterday," kana kwamba jana ni chumba ambacho mtu bado amekaa ndani yake.

Muhula huu Mkuu wa shule alimwajiri binti mmoja, akampa darasa la jirani. Vyumba viwili vile viligawanywa na ukuta wa mbao nyembamba. Mwalimu Mistari alimjua binti yule, maana alimfunza mwenyewe, tena ndiye aliyemvika mara nyingi kile kibao chenye kamba, ambacho kwa kanuni ya shule huvikwa shingoni yeyote anenaye Kiswahili katika kipindi cha Kiingereza. Sasa Mkuu alikuwa ametangaza kuwa Alhamisi atayapima madarasa yote mawili, ndipo aamue nani apewe darasa la mtihani.

Jumatano asubuhi sikio lilimvuta ukutani.

"Haya, wanangu," binti alikuwa akisema, kwa Kiswahili. "Mlinzi akija akasema, 'I lost my key,' anatusimulia habari ya siku ile. Huenda ufunguo ulishapatikana, hatujui. Akisema, 'I have lost my key,' je?"

"Tumekwisha," akajibu mmoja. "Leo tunalala hapa hapa."

Darasa likacheka.

"Ndiyo hivyo. Habari ingali mbichi, mlango haufunguki. Sasa ukitaja jana, habari umeshaiacha huko jana. Utatumia ipi?"

"Lost," wakasema wote kwa sauti moja.

Mwalimu Mistari akaondoa sikio ukutani. Miaka kumi na tisa ya chaki, na huyu kamaliza kazi kwa ufunguo wa mlinzi. Alivuta istighfari mara tatu, akimwomba Mola msamaha. Ya nne ikamshinda. Akakitungua kibao msumarini, akatoka, akabisha hodi mlango wa pili.

"Kanuni ni kanuni, binti yangu," akasema, akimnyooshea kibao mbele ya wanafunzi arubaini.

Binti akakipokea kwa mikono miwili, akakivaa, akakiweka sawa kifuani kama mkufu. "Shikamoo, mwalimu. Naona kamba mmebadilisha. Ile ya zamani ilikuwa ikinichubua."

Wanafunzi wakaangua kicheko. Naye akarudi ubaoni, akaendelea kwa Kiswahili kile kile.

Alhamisi kila darasa liliandika sentensi kumi. Baada ya kusahihisha, Mkuu alifunga mlango wa ofisi, wakabaki wawili, yeye na Mwalimu Mistari.

"Wa kwake wameshinda, wala si kidogo," akasema Mkuu. "Lakini amevunja kanuni, nawe ndiwe uliyemkamata. Ukilalamika rasmi, darasa ni lako. Sema neno tu, bwana."

Neno lilikuwa tayari ulimini, na lilikuwa tamu. Macho yake yakaangukia karatasi ya juu, ya mwanafunzi wake bora. Mtoto alikuwa amechora mstari ulionyooka, vituo na mishale kila kimoja mahali pake. Na chini ya mchoro ule mzuri, jibu limekosewa.

"Mpe yeye," akasema.

"Hakika una moyo mkubwa."

Moyo aliokuwa nao wakati ule aliujua mwenyewe na Mola wake.

Binti alimfuata barazani. "Mwalimu, nimeambiwa. Ahsante sana, Mungu akuzidishie."

"Usinishukuru, mwanangu. Nimekuonea kijicho tangu siku uliyoingia, na hapa tulipo nakuonea. Ningepata jibu moja tu sahihi la wanafunzi wangu la kusimamia, ningekunyima."

"Afadhali umesema, mwalimu. Mimi nami nilikuwa nikitetemeka kila nikisikia viatu vyako."

"Watie bidii wale watoto," akasema, akampita.

Adhuhuri ilikuwa imeingia. Alikwenda bombani kutawadha, akaosha mikono, akaosha uso, akarudia kuosha uso, na kifua chake kilikuwa hakijatulia.