Sanamu Sita za Kuazima

Siri ya sanamu zile Ojārs aliijua, maana ni mgongo wake uliozipandisha ghorofa ya tatu ya chuo. Zilikuwa sita, za mpira, zenye mapafu ya kupumua na mishipa ya kuchomea sindano, wanafunzi wa uuguzi wajifunzie. Za chuo chenyewe zilitupwa chini, karibu na tanuri lake la kupashia jengo joto: moja haina mkono, nyingine kifua kimepasuka. Hizi nzima ziliazimwa mji wa pili kwa siku tatu tu. Wakaguzi wakiondoka, nazo zirudi kwao.

Hakushangaa. Wakubwa ndivyo walivyo, hupaka chokaa ukuta unaooza. Miaka minne nyuma mkewe, Skaidrīte, alifia hospitali mikononi mwa muuguzi kijana aliyeutafuta mshipa mara saba, mkono ukimtetemeka. Mtoto wa watu hakuwa na kosa. Alifundishwa kwa sanamu isiyo na mkono. Tangu hapo Ojārs alizungumza na kuni zake tu.

Wakaguzi walitoka nchi nne, na bila ithibati yao stashahada ya chuo isingepokewa popote nje. Vizma, bintiye, alibakiza miezi mitatu kumaliza hapo, na kazi ilimngoja ng'ambo, mjini Bergen.

"Baba, wakikuuliza, wewe ni mtu wa kuni," alimwambia asubuhi akikata mkate mweusi. "Hujui kitu."

"Sijui kitu tangu nizaliwe. Ndiyo maana wamenichagua."

Hakukosea. Wageni walitaka kuonana na mtumishi wa kawaida, na mkuu wa chuo, Bwana Bramanis, akamteua mtu wa darasa la nane mwenye mdomo uliofungwa.

Bramanis aliingia naye kwenye mahojiano, akavuta kiti. Mwenyekiti, mama wa Kireno mwenye miwani kifuani, akasema kwa upole, mkalimani akigeuza, kwamba kwa desturi yao wakubwa husubiri nje. Bramanis akacheka. Hakuna aliyemsaidia kucheka. Akatoka.

Ojārs akabaki ameduwaa. Maishani mwake hakuwahi kuona mkubwa akioneshwa mlango, naye akaenda. Kisha akawaona Mjerumani na Mpolandi, wazee wenye mvi ambao baba zao walizikana vitani, wakisoma karatasi moja kichwa kwa kichwa, mmoja akimshikia mwenzake mstari kwa kidole. Na msichana wa Kikroatia aliyemdhania mletaji chai, kumbe ni mkaguzi kamili ingawa bado mwanafunzi, na wale wazee walimpisha aulize kwanza.

"Mzee, ungepewa uwezo wa kurekebisha kitu kimoja hapa, ungeanza na kipi?"

Miaka thelathini na moja ya kuni, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Akaiona Bergen ya Vizma ikizama. Akauona na ule mkono uliotetemeka. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ila kifo chenyewe hakikumuumbua mkubwa yeyote, kilimchukua Skaidrīte.

"Twendeni chini," alisema. "Niwaoneshe."

Wakashuka wote. Mjerumani akapiga magoti kwenye majivu na suti yake. Mama wa Kireno akaweka kiganja begani mwa sanamu, pale pasipo na mkono. Bramanis alisimama ngazini, hakuthubutu kushuka.

Jioni Vizma hakula. "Umenizika pamoja na mama," alisema, akafunga mlango.

Miezi miwili baadaye ripoti ikatoka. Kanuni yao ni kwamba husomwa na yeyote atakaye, hakuna mkubwa wa kuifungia kabatini. Vizma aliisoma mezani kwa sauti, supu ikipoa. Chuo kimepewa ithibati ya miaka miwili tu, sanamu mpya zinunuliwe mara moja, na wanafunzi wa mwaka wa mwisho waongezewe wiki sita za mazoezi kabla ya stashahada. Ukurasa wa kumi na tisa uliandikwa: mtumishi mmoja alituongoza.

"Ni wewe huyu, baba."

"Na Bergen?"

"Wamekubali kungoja." Akavuta bakuli lake, akala.

Sanamu zilipofika, Ojārs alizipandisha mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Hizi hazikuwa na pa kurudi. Akabaki mlangoni akihema, Vizma akikamata sindano na kuinamia mkono wa mpira. Ojārs akaanza kuhesabu kimoyomoyo, kama alivyohesabu zile saba.

Hakufika mbili.