Mabomba Mekundu ya Pikapu ya Hasheem

Hasheem aliirudisha pikapu yake siku ambayo mvua ilishinda ikinyesha, akaiingiza gereji kinyumenyume kama mtu anayemrudisha mke kwa wazazi wake. Hakusalimia vizuri. Alifungua boneti, akaiacha injini iungurume, akasimama pembeni na mikono kifuani.

"Subiri uone, fundi," alisema.

Ambindwile alisubiri. Haukupita muda, mabomba ya eksozi, yale manne yanayotoka ubavuni mwa injini, yakaanza kugeuka rangi. Chuma cheusi kikawa kahawia, kahawia ikawa nyekundu, mpaka yakawaka kama makaa. Tone la mvua lilipenya bati bovu likadondokea pale, likatoweka kabla halijalowanisha kitu. Mtu mwingine angeruka. Ambindwile alitazama tu, kama anayetazama chungu cha jirani kikiungua.

"Na hiyo ni injini mpya!" Hasheem alisema. "Nimepanda nayo mlima kutoka Kiwira na ndizi za watu mgongoni, nanusa rangi ya boneti inaungua. Fundi, marehemu simsemi vibaya, Mungu amrehemu. Lakini mwenzetu alikuwa mgonjwa. Mikono ilikuwa inamtetemeka, kila mtu alimwona. Huko ndani kuna kitu amekosea."

Prisca alikuwa anapita na ndoo ya maji. Alisimama. Alikuwa mjane wa Meshaki, huyo marehemu anayesemwa, na Meshaki alikuwa mdogo wake Ambindwile, tumbo moja, gereji moja. Alimtazama shemeji yake, akingoja amjibu mtu huyu. Ambindwile alifungua mdomo.

"Nitaangalia," alisema.

Prisca akanyanyua ndoo yake, akaenda zake.

Sasa, kesi yenyewe ndiyo hiyo. Meshaki hakuacha ng'ombe wala shamba la chai. Aliacha mke, binti mmoja aitwaye Doreen, na jina. Kuanzia Tukuyu hadi Kiwira watu walisema injini ikifungwa na Meshaki utazeeka nayo. Jina hilo ndilo lililokuwa limelala chini ya boneti ya Hasheem, na kama lingeungulia pale, zile injini nyingine zote zingesahaulika kesho yake. Ndivyo watu walivyo. Wanakula karamu kumi kwako, wanakumbuka ile moja iliyokosa chumvi.

Injini ile ilikuwa kazi yake ya mwisho. Tangu serikali iachie biashara, vipuri vya mitumba vilikuwa vimejaa Mbeya kama nguo za mnadani, na Hasheem alinunua bloku huku, pistoni kule, hedi kwa mtu wa tatu. Meshaki ndiye aliyeziozesha, zikawa injini moja. Aliifunga yote akiwa amekaa kwenye kigoda, kikohozi kikimkatiza, na ukimsogelea kumsaidia alikutazama vibaya mpaka unarudi nyuma. Kilichobaki kilikuwa distributa peke yake, ile inayogawa cheche, na hiyo siku zote ilikuwa kazi ya kaka mtu. Ambindwile alikuwa na sikio. Hakutumia taa wala kipimo. Aliizungusha distributa kidogo kidogo huku injini inaunguruma, akasikiliza, na sauti ilipokaa sawa akakaza nati yake. Watu walikuja kutoka hata Masukulu kulifuata sikio hilo.

Meshaki akafa, wakamzika, na Ambindwile hakulia. Si kwamba alijikaza. Kilio hakikuja. Wanawake walipojitupa chini, yeye alikuwa anawaza nani atarudisha masufuria ya kuazima. Aliona haya, lakini hata haya yenyewe ilikuwa mbali, kama ya mtu mwingine. Alikuwa na ganzi, ile inayokamata mguu uliokaliwa vibaya, ila yeye ilimkamata mwili mzima.

Basi akaanza kutafuta ugonjwa wa pikapu. Alitandika majani makavu ya mgomba chini, maana udongo wa gereji ulikuwa tope tupu, akafungua kabureta. Mafuta yakiwa haba na hewa nyingi, mabomba huchemka. Akaisafisha, akapuliza vitundu vyake, akabadilisha gasketi isije ikawa inavuta hewa ya wizi. Akawasha. Mabomba yakawa mekundu vilevile.

Hapo fundi yeyote, hata yule aliyejifunza juzi, angeangalia taimingi, ajue cheche inapiga wakati gani. Ambindwile hakuiangalia. Taimingi aliiweka yeye, kwa mkono wake na sikio lake. Nyani haoni kundule. Aliiruka, akaingia ndani, kwa Meshaki.

Alifungua hedi, kile kichwa cha injini kinachofunika pistoni. Nati zilikuwa zimekazwa kwa nguvu moja, hakuna iliyolegea, hakuna iliyonyongwa. Akamimina petroli juu ya valvu aone kama zinavuja. Petroli ilituama pale pale kama maji kwenye bakuli. Akafungua kifuniko cha mbele, akatazama cheni. Alama zilikuwa zinatazamana. Akashusha sampu, bakuli la oili, akachungulia chini, akakagua beringi moja baada ya nyingine. Kila alichokifungua alikiweka juu ya gunia, na mwisho wake gunia halikutosha, akatandika la pili. Hakuona kosa. Mikono iliyosemwa inatetemeka ilikuwa imefanya kazi ambayo yeye, mzima, asingeifikia. Aliliona hilo, akalikubali kichwani, halikumgusa popote.

Sehemu moja tu ilikuwa bado imefungwa. Akaitazama distributa kwa muda.

Hedi ikiwa haipo, pistoni aliziona kwa macho. Akafungua kifuniko cha distributa, akaizungusha injini kwa spana polepole. Pistoni ya kwanza ikapanda. Platini, vile vyuma viwili vinavyogusana humo ndani, zilipaswa kuachana kabla pistoni haijafika juu, cheche iruke. Hazikuachana. Pistoni ikafika juu, ikageuka, ikaanza kushuka, ikashuka sana, ndipo zikaachana. Cheche ilikuwa inachelewa. Petroli ilikuwa inawaka wakati mlango wa kutokea umeshafunguka, na moto uliotakiwa kusukuma pistoni ukawa unaenda kuwakia nje, kwenye mabomba.

Akakumbuka. Matanga yalikuwa hayajaanuliwa, na yeye alikuwa ametoroka kwenye msiba, ameingia gereji, kwa sababu hakuweza kuendelea kukaa na watu wanaolia huku yeye hana hata chozi. Aliiwasha injini ile. Mara baba yao mdogo, mzee Ezron, akatokea mlangoni na blanketi begani.

"Gwe Ambindwile! Watu bado wamekaa chini, wewe unapiga makelele ya vyuma? Punguza hiyo kitu. Unataka watuseme?"

Mwenye akili angezima. Msibani hakupigwi nyundo wala hakuwashwi mashine mpaka matanga yaanuliwe. Mtoto mdogo anajua. Lakini angezima angerudi kukaa kule. Kwa hiyo aliishika distributa, akaizungusha upande ule ambao sauti hulainika. Akazungusha tena. Injini ikanyong'onyea, ikawa inanong'ona, na yeye akaona nafuu, akakaza nati. Sikio lile la kufuatwa kutoka Masukulu siku hiyo halikusikiliza injini inataka nini. Lilitaka kimya.

Akaifunga injini upya, kila kitu mahali pake, akaiweka distributa panapostahili. Alipowasha, ilinguruma mpaka kuku wakakimbia. Mabomba yalibaki meusi. Hasheem alizunguka nayo hadi barabara ya Kiwira na kurudi, akashuka anacheka.

"Haya, niambie. Alikosea wapi?"

"Hakukosea," Ambindwile alisema. "Nimefungua mpaka mwisho, sijaona kosa lake hata la kusingizia. Aliyekosea ni mimi. Distributa niliiweka mimi, siku ile ya msiba."

Hasheem aliacha kucheka. Akavua kofia, akaifuta mvua.

"Basi nitawaambia watu wa Kiwira," alisema. "Mdomo uliosema yale ndio huo huo nitakaoutumia. Samahani, fundi."

Ambindwile alisikia pikapu ikipanda kilima, nzito na yenye afya, akaenda jikoni kwa Prisca. Shemeji yake alikuwa amekaa anamenya ndizi za mbalaga. Akamweleza yote, akiwa amesimama mlangoni: distributa, kosa lake, na maneno ya Hasheem. Alieleza kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo.

Prisca aliinamisha kichwa. Alipokiinua alikuwa anatabasamu, mara ya kwanza tangu mazishi.

"Ndaga, shemeji. Ndaga fijo, asante sana. Nilijua, ila nilitaka litoke kwa mtu." Akachukua ndizi nyingine. "Basi nitakuwa naisikiliza ikipita hapo barabarani. Nitamwambia Doreen, ile gari inatembea na mikono ya baba yako. Kila nati humo aliikaza yeye."

Ambindwile alitikisa kichwa kukubali, kisha kichwa kikasimama.

"Shemeji," alisema, "niliifungua."

"Nimekusikia. Ukaona hana kosa."

"Niliifungua yote."

Prisca aliacha kumenya.

"Haikuwa lazima," Ambindwile alisema. "Ilikuwa nati moja tu, ya nje, na ni yangu. Mimi nikafungua zake. Za hedi, za cheni, za chini kabisa. Halafu nikazikaza mwenyewe. Humo ndani hakuna tena aliyoikaza Meshaki. Hakuna hata moja, shemeji."

Alitaka kuongeza kwamba alizirudisha vizuri. Alianza kulisema neno hilo, likakatika katikati. Akashika fremu ya mlango kwa mikono miwili, na kilio kikamtoka, kikubwa, mpaka majirani wakatoka nje kuuliza nani amefariki.