Kitasa cha Nyuma Kushoto

Jumatano saa tatu asubuhi teksi moja iliingia gereji kwa Mama Bisibisi ikiwa na tatizo dogo: kila ikitaka kuondoka ililia ka, ka, ka, kisha ikanyamaza. Ikishashika mwendo ilikuwa nzima kabisa. Dereva wake, kitinda mimba kati ya ndugu watatu, alikuwa ameshapitia mafundi wanne. Wa kwanza alibadilisha jointi za magurudumu. Wa pili alisema jointi hizo ni feki, akafunga nyingine. Wa tatu alikaza nati zote na kuapa kwa kaburi la baba yake. Wa nne aliongeza sauti ya redio.

Mama Bisibisi alikuwa mwanamke mnene wa miaka sitini hivi, asiyetaka maneno mengi kabla ya chai. Jina alilipata kwa kazi yake: ncha ya bisibisi anaiweka kwenye chuma, mpini anauweka sikioni, anasikiliza gari kama daktari anavyosikiliza kifua.

"Ondoka polepole," alisema. "Simama. Kata kushoto yote, ondoka. Haya, kulia. Rudi nyuma sasa."

Alitembea kando ya gurudumu ameinama, mkono kiunoni, mpaka gari likamaliza kuzunguka uwanja mara mbili.

"Jointi ikifa inalia kwenye kona," alisema, "na ukiongeza mwendo nayo inaongeza. Hii yako haijali kona wala mwendo. Inalia unapoondoka tu. Hiyo sasa ni tabia, siyo ubovu."

Kitinda mimba hakucheka. Macho yake yalikuwa mekundu. "Fundi, nakuomba, leo hii hii. Mama yangu hajala tangu Jumapili. Natakiwa nimpeleke hospitali kabla ya saa kumi, na amesema hapandi gari linalolia."

"Anaumwa nini?"

"Haumwi. Mkono wake wa kushoto haupo, na yeye ni mashoto."

"Basi hawezi kujilisha," alisema fundi, akaokota bisibisi nyingine.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mama alikaa kwa zamu, miezi mitatu kwa kila mtoto. Kaka mtu, mtunza stoo, alianzisha daftari la makabidhiano: dawa, miwani, shali, nguo kadhaa, sahihi ya anayetoa na anayepokea. Kitinda mimba ndiye mwenye gari, kwa hiyo ndiye aliyemhamisha. Mara moja, kwenye mzunguko wa barabara, mama alifungua mlango gari likiwa linakwenda. Tangu siku hiyo mlango wa nyuma kushoto uliwekwa loki ya watoto, ile inayozuia mtu kufungua kwa ndani. Wiki mbili zilizopita kitinda mimba alimpeleka kwa dada, na mama njia nzima alishika kitasa akikivuta, akisema anataka kushuka. Walipofika alimfungulia kwa nje, akashuka amejifunika shali, daftari likasainiwa. Kwa dada siku za kwanza alikunywa uji kwa kikombe, akishika kwa mkono wa kulia, na hakuna aliyeona kitu. Jumapili alikataa uji, akataka chakula cha watu wazima. Hapo ndipo dada alipopiga simu.

"We mdogo wangu, hivi mama alikuja na mikono miwili?"

"Angalia vizuri, dada. Huenda umeingia ndani ya shali."

"Nimekunguta shali."

Daftari lilipoangaliwa, mikono haikuwa imeandikwa. Kaka alikiri kwamba lilikuwa kosa lake, akaahidi kuongeza mstari. Dada alijaribu kumlisha, mama akafunga mdomo. Alisema aliachishwa ziwa miaka themanini iliyopita na hakumbuki kumruhusu mtu mwingine amlishe tangu hapo.

Mama Bisibisi aliweka ncha ya bisibisi kwenye mlango wa nyuma kushoto. "Ondoka." Gari lililia. Akabaki akisikiliza kidogo, kisha akafungua skrubu nne na kung'oa kava ya mlango. Ndani, kati ya kioo na bati, mkono wa kizee ulikuwa umeshika waya wa kitasa. Ulikuwa mwembamba, kucha zimekatwa vizuri, vumbi kidogo kwenye vifundo.

"Ni huu?"

"Ndio huo," alisema kitinda mimba, na machozi yakamtoka palepale, mbele ya watu. Aliushika, akauvuta kwa upole, kisha kwa nguvu. Haukuachia.

"Acha, utauvunja vidole," fundi alimkemea. "Huo unataka kushuka mahali. Toka getini uende kulia."

Alitoka kulia. Ka, ka, ka. Akarudi, akatoka kushoto. Gari liliondoka kimya kama jipya.

"Umeona?" Fundi alipanda mbele, akafunga mkanda. "Twende. Likilia umekosea njia."

Walikwenda hivyo. Kwenye kila njia panda kitinda mimba alijaribu upande mmoja, na gari likilia alirudi nyuma na kujaribu mwingine. Kwenye njia panda ya pili alijua wanakwenda wapi. Mtaa ule hakuwa ameukanyaga tangu mwaka jana. Abiria akiutaja alimwambia barabara imeharibika. Sasa barabara ilikuwa safi, imewekwa lami, na aibu ilimpanda mpaka masikio yakawaka moto. Aliomba gari lilie, angalau mara moja. Halikulia.

Walisimama mbele ya nyumba yenye mlango wa kijani. Zamani mlango ulikuwa wa bluu, na nyumba ilikuwa ya mama.

Fundi alitoa loki ya watoto. Kitasa kikavutwa mara moja, mlango ukafunguka, mkono ukashuka. Ulipita kwenye ngazi bila kupapasa, ukafika mlangoni, ukageuza kitasa. Kilikuwa kimefungwa. Ukagonga.

Aliyefungua alikuwa mshonaji, futi shingoni, pini mdomoni. Aliutazama mkono ukipita karibu na miguu yake, ukavuka sebule, ukaingia jikoni, ukapanda dirishani na kutulia juani.

"Huu mkono naufahamu," alisema baada ya kutoa pini. "Ndio uliosaini siku niliponunua nyumba."

"Ndio huo."

"Niliona unatetemeka. Nikauliza kama mama ameelewa anachosaini, mkasema ameelewa."

Kitinda mimba aliangalia sakafu. Ile sakafu alijifunza kutambaa juu yake. Fundi alimkazia macho, na kwa vile hapakuwa na pa kujificha, alisema. "Tulimwambia ni karatasi za kliniki. Asingekubali. Na hakuweza tena kukaa peke yake, aliacha jiko linawaka mara mbili. Tungefanya nini?"

"Mngemwambia," alisema Mama Bisibisi.

Mshonaji hakuwa mtu mbaya. Alisema mkono haumsumbui, unaweza kukaa pale dirishani, na kama unajua kazi za jikoni ndiyo kabisa. Lakini mama mzima hapana, yeye mwenyewe ana watoto wanne na vyumba viwili, na nyumba aliinunua kihalali. Kitinda mimba alipiga magoti. Hakuwa amepanga kupiga magoti, alijikuta tu yuko chini. Aliomba apewe mkono akamlishe mama, hata kwa siku moja. Mshonaji alimwambia auchukue kama utakubali. Alikwenda dirishani, akaunyooshea wake. Mkono ulimpigapiga kidogo mgongoni mwa kiganja, kama zamani alipokuwa na homa, kisha ukarudi kukaa juani.

Fundi alirudi gereji kwa miguu. Hakutaka kupelekwa.

Saa nane kitinda mimba alifika kwa dada. Gari halikulia njiani hata mara moja. Mama alikuwa kitandani ameegemea mto, shali begani, mashavu yameingia ndani. Dada alikuwa amekaa kando na bakuli la wali uliopoa, akilia bila sauti, maana alikuwa amelia kwa sauti asubuhi.

"Umeupata?" mama aliuliza.

"Nimeupata, mama. Umekataa kuja."

"Uko wapi?"

"Dirishani. Jikoni."

"Lile dirisha la upande wa jua?"

"Lile."

Mama aliitikia kwa kichwa taratibu. Kitinda mimba akaona kwamba ni sasa au basi tena.

"Mama, zile karatasi..."

"Najua, mwanangu," alisema mama akimtazama usoni. "Za kliniki."

Alimsubiri. Dada naye aliacha kulia, akamtazama mdogo wake, kijiko kikiwa hewani. Kitinda mimba alifungua mdomo.

"Ndiyo, mama," alisema. "Za kliniki."

"Basi uacheni," mama alisema. "Angalau wenyewe umefika nyumbani."

Akamgeukia dada, akafungua mdomo. Dada akaweka kijiko cha kwanza, mama akatafuna, akameza, akafungua tena. Alikula bakuli lote hivyo hivyo. Alipomaliza akafutwa midomo, akauliza zamu inayofuata ni ya nani na ni lini, ili aanze mapema kukunja nguo zake, maana kwa mkono mmoja ingemchukua siku nyingi.