Ncha ya Pili ya Nguo

Maua ya misufi ya Uchina yalikuwa yakianguka tangu asubuhi. Yalikuwa mekundu, mazito, yakitua lamini puu, na vikongwe wa Kichina wa mtaa wa Dengfeng waliyaokota wakayatia vikapuni, wayaanike wapate chai. Hasna alipita katikati yao, mfuko ameukumbatia kifuani, akitembea kama aliye usingizini. Ndivyo atembeavyo mtu aliyeambiwa "nataka kukuoa" naye bado hajajibu.

Aliyemwambia ni Sufian, kijana wa Mombasa mwenye ofisi ya kusafirisha mizigo, ghorofani juu ya duka la simu. Hasna alikuwa Mzanzibari aliyenunua magauni barabara ya Zhanqian na kuyapeleka kwao. Alianza kuwa mteja wake, akawa rafiki yake, kisha akawa hajui tena ni nani wake. Lakini Sufian alikuwa Mhindi wa Kachi, na hilo ndilo lililomfunga Hasna ulimi. Bibi yake mzaa mama naye alikuwa Mkachi. Alipoolewa na Maulid, mwoka boflo wa Kikwajuni, Mswahili, nyumba ya baba yake ilimfungia mlango, na haikumfungulia hata alipokufa.

"Karibu, bi harusi," Sufian alisema akiinuka.

"Bi harusi wa nani? Usinitangulie! Nipe mkasi."

"Wa kunichinjia?"

"Wa nguo. Laoban wangu, yule mama wa duka la vitambaa, kaniambia nikate nyuzi hizi, niipige pasi, ndipo aitoe kopi anichapie nyingine kama hii."

Akaitoa mfukoni: hariri nyekundu iliyosinyaa, imejaa vinundu vidogo kama punje za mtama, kila kimoja kimezungushiwa uzi. Ilikuwa imelala miaka na miaka ndani ya kasha la bibi. Nyumbani waliiona kuwa nguo iliyoharibika ila rangi yake nzuri.

Sufian aliacha kucheka. Aliisukuma droo ya mkasi ikajifunga.

"Sikate, Hasna. Hii haijaharibika. Hii ni bandhani."

Akamweleza polepole, kama mtu anayekumbuka ndoto. Mafundi wa Kachi hukibana kitambaa kwa kucha, wakakifunga nukta baada ya nukta, kisha wakakitia rangi. Penye fundo rangi haipiti. Zipo zinazouzwa vivyo hivyo na mafundo yake, mnunuzi apate kuamini kuwa ni kazi ya mkono. Wala haikatwi. Watu wawili hushika ncha, mmoja huku na mwingine kule, wakavuta, na nyuzi zikafyatuka zenyewe.

"Nyumbani kwetu," alisema, "nguo ya bi harusi huivuta yeye na mama mkwe. Mamangu aliivuta na nyanyangu. Hulia kama bisi chunguni."

Hasna akakaa. Vidole vyake vilitembea juu ya vinundu, na ofisi ikamtoka machoni. Alimwona bibi yake, msichana, ameshika ncha moja, ile nyingine imelala sakafuni haina mtu. Siku zote aliamini bibi aliitupa asili yake ya Kihindi, maana hakumsikia hata siku moja akisema neno la Kikachi. Kumbe aliitunza. Ndani ya kila fundo palikuwa na kidoa cha rangi ya zamani, ambacho hakijaona mwanga, kikingoja.

"Tuivute sasa, mimi na wewe," Sufian alinong'ona.

"Wewe ndiye mama mkwe?"

"Ndevu tu ndizo zinaniponza."

Hasna alicheka, kisha kicheko kikamwishia. "Sufian. Mamako ataishika hiyo ncha ya pili?"

Angeweza kumwapia. Hakuapa. "Sijui. Sijamwambia habari zako."

"Basi mwambie. Nami nisikie."

Kwenye simu akatokea mwanamke mwembamba, mtandio wa kijani kichwani, amesimama jikoni Mombasa. Alimsikiliza mwanawe mpaka mwisho, kisha akataka kumwona msichana.

"Wewe ni wa nani, mwanangu?"

Hasna aliujua uzito wa swali. Jina la baba yake bibi lilimjia mdomoni. Kwa jina hilo mlango ungefunguka bila kubishwa. Lakini angeingia yeye, babu Maulid angebaki nje na boflo zake.

"Shikamoo. Mimi mjukuu wa Maulid, mwoka boflo wa Kikwajuni. Bibi yangu alikuwa Mkachi mwenzenu. Kwao walimkana kwa sababu ya babu. Hii ndiyo nguo aliyotoka nayo."

Akaiinua. Kule jikoni mafuta yalilia karaini. Mama akausogelea mwanga wa simu mpaka likaonekana jicho moja tu.

"Haijavutwa," alisema.

"Haijavutwa."

"Maskini, bibi wa watu." Akajipangusa kwa ncha ya mtandio, kisha sauti ikapanda. "We Sufian! Mtoto wa watu amekaa hapo, hata chai? Na nguo hiyo isiwekwe juani, wala isiguswe na mkasi!" Akamrudia Hasna. "Vidole vyangu vina baridi yabisi, mwanangu. Itabidi wewe ndiye uvute zaidi."

Hasna aliitikia kwa kichwa. Kisha akakumbuka kwamba picha inakatikakatika, huenda huko hawamwoni.

"Nitavuta, mama," alisema kwa sauti. "Nitavuta."

Na Sufian, aliyekuwa amelingoja jibu hilo akiwa wima muda wote, akaketi taratibu juu ya mzigo wa mtu.