Doria za Kwenye Karatasi

"Weka sahihi, Buti. Wakaguzi wanafika kabla ya saa sita."

Mkuu wa hifadhi alimsukumia daftari la doria. Hadi jana kurasa za miezi mitatu zilikuwa tupu, na sababu haikuwa siri: gari la kituo lilikuwa juu ya mawe tangu masika, redio haina betri, na viatu vya walinzi vilikuwa vimeachama midomo. Cha Buti kimoja kilifungwa kwa waya, ndipo lilipotoka jina lake.

"Lakini afande, doria hizi hatukwenda."

"Nani kakuuliza? Hawa wanapima kama hifadhi inasimamiwa vizuri. Kila swali lina alama tatu, nami nataka tatu kila mahali. Kwani mkataba wako si unaisha mwezi huu?"

Loo! Mwenye watoto wanne ajibu nini hapo? Buti alishika kalamu. Kisima cha Mawe, sahihi. Mlima Kusini, sahihi. Bonde la Mashariki, sahihi. Tarehe na mahali alikwisha kujaza Mkuu; Buti hakuzitazama tarehe, alitaka kumaliza tu. Safu ya risasi aliiacha wazi kama ilivyo desturi, maana hiyo hujazwa na mwenye ufunguo wa ghala la silaha, na ufunguo anao Mkuu.

Alikuja mkaguzi mmoja tu, mama mpole mwenye miwani. Alikaa, akanywa maji, akafungua daftari.

"Doria arobaini! Na risasi zinahesabiwa, hongereni. Tarehe tisa, Bonde la Mashariki, mlinzi mmoja. Zilizotoka kumi, zilizorudi nane."

Tarehe tisa Buti alikuwa kitandani, homa inamtetemesha. Siku hiyohiyo mama mmoja wa kijijini aliokotwa bondeni amekufa, mzigo wa kuni umemlalia, matundu mawili ya risasi mgongoni. Wageni wa Mkuu ndio waliopiga kambi kule na bunduki zao za kuwindia. Kituo kizima kilijua, na kituo kizima kilikuwa na watoto wa kulisha.

Buti alimtazama Mkuu. Mkuu alikuwa anakoroga chai.

"Sahihi hii ni yako, baba?" mkaguzi aliuliza.

Aseme si yake? Ni yake. Aseme doria hazikufanyika? Basi ameghushi arobaini, na nani atamwamini la arobaini na moja, hata likiwa kweli?

"Ni... ni yangu, mama. Ila siku ile..."

"Ana haya huyu," Mkuu alidakia, akicheka. "Mchapakazi, hapendi kusifiwa."

Mkaguzi alitabasamu, akaandika tatu kwenye fomu, akaizungushia duara. "Bado swali la mwisho. Mahusiano na wanakijiji yakoje? Malalamiko yao yanajibiwa?"

"Yote, mama. Tena lipo moja la leo." Mkuu alimgeukia karani aliyekuwa mlangoni. "Yule mume wa marehemu bado yuko getini?"

"Yupo, afande. Kila siku yuko palepale, anauliza nani alikuwa doria siku ile."

"Mwite. Mwambie jibu lake limepatikana."

Karani alitoka. Buti alisikia geti likilia, kisha nyayo za miguu mitupu zikipanda barazani, bila haraka. Daftari lilikuwa wazi mezani kwenye tarehe tisa, na kalamu bado alikuwa ameishika yeye.

"Tatu," alisema mkaguzi, akiandika.